Vipimo vitatu, dakti moja, majibu matatu: tunapimaje upepo huku Arusha?

FundiDakti (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, hatukosani.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa saiti moja nje kidogo ya mji, kuna mtu kafunga mashine ya kukaushia mbegu za mahindi. Mkataba unasema feni itoe mita za ujazo 7,500 kwa saa. Mimi nilikuwa upande wa mkandarasi. Mteja kaleta mtu wake, mshauri naye kaja, na kila mmoja ana kifaa chake kwenye begi kama waganga watatu kwa mgonjwa mmoja. Dakti (bomba la kupitishia hewa) ni ya duara, kipenyo milimita 500. Jiko halijawashwa, hewa ya nyuzi 25 tu.

Mimi nina tyubu ya Pitot na manomita (kipima presha) ya kidijitali. Nikapata mwendo wa mita 10.0 kwa sekunde. Mtu wa mteja ana kile cha waya wa moto, akapata 9.1. Mshauri, kijana mdogo tu, ana kile chenye kipangaboi cha ukubwa wa sarafu mwishoni mwa fimbo: 10.9.

Zidisha kwa eneo la dakti. Mimi: 7,070 kwa saa. Mteja: 6,430. Mshauri: 7,700. Yaani kwa kifaa cha mshauri nimefaulu, kwa kifaa changu mwenyewe nimefeli, kwa cha mteja nimefeli vibaya.

Ubishi ukaanza pale pale. Mtu wa mteja anasema kipangaboi ni cha kupimia viyoyozi vya ofisini. Mshauri anasema waya wa moto umekula vumbi. Mimi nikaambiwa mpira unaounganisha Pitot yangu na manomita unavuja. Vyeti vya kukalibreti (kuhakiki usahihi wa vifaa) vikatolewa kwenye bahasha, vyote vitatu havijaisha muda. Mteja akafunga daftari, akasema hela haitoki mpaka mkubaliane, akaenda zake kunywa chai.

Jibu nilikuja kulipata usiku nyumbani, na limenitia aibu maana kazi hii nimeifanya miaka. Vifaa vyote vitatu vilikuwa vizima. Tatizo ni kwamba kila kimoja kilikuwa kinajibu swali lake.

Tyubu ya Pitot haipimi mwendo. Inapima msukumo wa hewa inayogonga ncha, halafu mashine inapiga hesabu: mwendo ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya msukumo, ukigawa kwanza kwa uzito wa hewa. Mimi nilipata paskali 60. Mara mbili ni 120. Manomita yangu ilikuwa bado na uzito iliotoka nao kiwandani, kilo 1.2 kwa mita ya ujazo, hewa ya pwani ya nyuzi 20. 120 gawa kwa 1.2 ni 100, kipeuo chake 10. Safi kabisa. Ila sisi hatuko pwani. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, presha ya hewa ni karibu hPa (hektopaskali) 860, na kwa nyuzi 25 mita moja ya ujazo ina kilo 1.0 na chenji ndogo. 120 gawa kwa 1.0, kipeuo chake ni 10.9.

Waya wa moto ndio umepotea zaidi. Ule unapashwa umeme, hewa inapita inaupoza, na kifaa kinahesabu upoaji. Kinachopoza ni kilo za hewa, si mita. Kwa hiyo namba inayotoka kwenye kioo ni mwendo ambao hewa ya pwani ingekuwa nao kupoza waya kiasi kile kile. Usipokiambia uko wapi, huku kwetu kitasoma chini kwa karibu moja ya sita. Chukua 9.1, zidisha kwa 1.2: karibu 10.9.

Kipangaboi kinazungushwa na mwendo wenyewe, uzito wa hewa kinaujali kidogo sana. Ndiyo maana yule kijana alipata 10.9 bila kugusa mpangilio wowote, na sisi wazee tukamcheka.

Naombeni michango, hasa wa viwandani Moshi na Arusha. Mnaingiza uzito gani wa hewa kwenye vifaa vyenu? Maana nimeanza kuogopa ripoti zangu za zamani.

---

Ngarenaro Finest

Naweka kiti hapa, ngoja wajuzi waje.

---

Toyo la Sakina

Mkuu mbona unatuzungusha, si nunua hicho kipangaboi basi yaishe?

---

FundiDakti

Natamani, bro. Kwenye dakti ya 500 sawa, kinakaa vizuri. Kipeleke kwenye paipu ya milimita 100, kichwa chenyewe kinakuwa kikwazo, hewa inakibana pembeni inaenda mbio na unasoma uongo. Mwendo ukiwa mdogo, bearing zinakishika. Hewa ikiwa na vumbi la pumba, siku mbili tu kinalia kama panya. Na ukikipindisha mkono kidogo namba inahama. Pitot ya umbo la L inakusamehe hata ukikosea pembe kwa nyuzi 10 hivi.

Halafu tusiidharau Pitot. Henri Pitot aliitumbukiza mto Seine, Paris, mwaka 1732, na mpaka leo ipo kwenye kila ndege inayotua KIA. Udhaifu wake ni mwendo wa taratibu. Mita 3 kwa sekunde huku kwetu ni paskali 4 na nusu tu, mtu akifungua mlango wa karakana namba inaruka.

---

BintiKibosho

Kaka FundiDakti, shikamoo ya uzi mzuri. Mimi niko kiwandani upande wa Moshi, mambo ya mvuke na vikaushio. Hoja ya uzito wa hewa nakuunga mkono mia kwa mia. Sisi tuko chini kidogo yenu, mita 800 na kitu, presha yetu ni kama hPa 920, mchana wa nyuzi 30 inakuja kilo 1.06. Kwa hiyo hata namba yako ya Arusha mtu wa Moshi asiinakili.

Ila nina maswali mawili kabla sijakupa maua yako. La kwanza, ulipima nukta ngapi ndani ya dakti? La pili, hizo paskali 60 umezipataje?

---

FundiDakti

Dada, nilitoboa matundu mawili, moja juu na moja pembeni, nukta 10 kila upande, jumla 20. Fimbo niliiwekea alama kwa tepu ya umeme: milimita 13, 41, 73, 113, 171, halafu unaruka katikati, 329, 387, 427, 459, 487. Zimebanana ukutani makusudi, ili kila nukta iwakilishe eneo sawa na mwenzake. Watu wengi wanachomeka katikati ya dakti tu, wanachukua namba kubwa kuliko zote, wanaandika ripoti.

Paskali 60 ni wastani. Nilijumlisha zote 20 nikagawa.

---

BintiKibosho

Nilijua! 😄 Hapo ndipo ulipoteleza, kaka yangu.

Huwezi kuchukua wastani wa paskali halafu ukatafuta kipeuo. Kila nukta itafutie kipeuo chake kwanza, upate mwendo, ndipo ujumlishe miendo. Mfano wa haraka: nukta mbili, moja paskali 100, nyingine 25, hewa ya kilo 1.0. Miendo ni 14.1 na 7.1, wastani 10.6. Kwa njia yako, wastani wa paskali ni 62.5 na mwendo unatoka 11.2. Umejiongezea asilimia 5 ya upepo ambao haupo. Na siku zote kosa hili linaongeza, halipunguzi, kwa hiyo mkandarasi hulipenda bila kujua.

Fungua daftari lako urudie.

---

Ngarenaro Finest

Mleta uzi kapigwa shule kwenye uzi wake 😂 Endeleeni, kahawa ninayo.

---

FundiDakti

Nimerudia nukta zote 20. Nimetoka 10.9 nikaangukia 10.8, maana dakti yangu haikuwa na tofauti kubwa kati na ukutani. Ni 7,630 kwa saa. Sasa tuna 10.8, 10.9 na 10.9, vifaa vitatu vya aina tatu. Asante dada, hiyo ya kipeuo nimeibandika ukutani.

---

Mzee wa Njiro

Vijana, mnavutia. Niongeze kidogo kuhusu mahali pa kutoboa, maana naona mmepita haraka. Sisi tulikuwa tunatafuta sehemu iliyonyooka, mara 8 ya kipenyo kabla ya tundu na mara 2 au 3 baada yake. Kwa dakti yako ya 500 ni mita 4 zilizonyooka kabla. Nani ana mita 4 kiwandani siku hizi? Kila kitu kimekunjwa kama chapati. Ukikosa, ongeza nukta na uangalie tabia ya manomita. Ikiwa kuna nukta zinasoma hasi, au robo nzima ya nukta ziko chini ya sehemu moja ya kumi ya ile kubwa, hama. Hapo upepo unazunguka kama maji ya kumwaga kwenye sinki, na hakuna hesabu itakayokuokoa.

Na kwa asiye na hela ya manomita ya kidijitali: mpira wa dripu, maji, tone la sabuni na rangi ya keki. Ukiusimamisha wima, paskali 60 ni milimita 6 tu, ukikosea milimita moja umekosea mwendo kwa asilimia 8. Ulaze kwenye ubao wenye mteremko wa 1 kwa 10, zile milimita 6 zinakuwa 60. Hapo hata jicho langu la sasa linasoma. Sabuni ni kwa ajili maji yasing'ang'anie kwenye plastiki. Kabla hujaanza puliza taratibu, bana ncha kwa vidole, uone kama maji yanashuka. Yakishuka, mpira unavuja.

---

Mwanachuo_R

Shikamooni wakubwa. Niko mafunzo kwa vitendo. Nimefungua programu ya hali ya hewa kwenye simu hapa Arusha, inasema presha ni hPa 1,016. Mbona ninyi mnasema 860? Nani mkweli?

---

FundiDakti

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo lililomponza mtu wa mteja, nilisahau kulisimulia. Alipoona tunabishana alitoa simu, akasoma 1,015, akaingiza kwenye kifaa chake, akasema "sasa nimerekebisha." Hakuwa amerekebisha chochote.

Namba ya hali ya hewa imeshushwa mpaka usawa wa bahari kwa hesabu, ili ramani ya Dar, Dodoma na Arusha ziweze kulinganishwa. KIA nao namba wanayompa rubani ni ya namna hiyo. Hewa iliyo ndani ya dakti haijui habari za bahari. Unataka presha ya hapo hapo uliposimama. Tumia barometa, au simu yenye kihisi cha presha ndani yake (si zote zinacho), na uhakikishe inaonyesha presha ghafi. Ukikosa vyote, tumia kimo cha mahali: 1,400 inakupa karibu 860. Presha kwa huku kwetu haichezi sana siku kwa siku, kukosea hPa 5 ni nusu ya asilimia tu. Kukosea 155 ndiyo kesi.

---

BintiKibosho

Nakazia hapo, na niongeze unyevu. Kwenye hewa ya kawaida ya nyuzi 25 unyevu unapunguza uzito chini ya asilimia 1, achana nao. Lakini ukipima bomba la kutolea hewa ya kikaushio, nyuzi 60 na imeshiba maji, mvuke ni mwepesi kuliko hewa na unashusha uzito kama asilimia 9 ukiwa kimo cha Arusha. Huku kwetu ndiyo tunapopigania. Pia matone yanaingia kwenye tundu za Pitot, namba inaganda, unadhani upepo umetulia kumbe umezibwa. Nina kawaida ya kuipuliza kila baada ya nukta tano.

---

Toyo la Sakina

Sawa nimewaelewa. Sasa nani alishinda? Mkandarasi alilipwa au hakulipwa? Msituache njiani.

---

FundiDakti

Hapo ndipo utamu ulipo, na nikiri sikuja na jibu safi.

Nilirudi Jumatatu na karatasi zangu, nikamweleza mteja kwamba vifaa vyote vitatu vinakubaliana: zaidi ya 7,600 kwa saa, mkataba umetimia. Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Sasa mbona mbegu hazikauki kwa muda mlioniahidi?"

Nikakaa chini. Kinachobeba maji kutoka kwenye mbegu ni kilo za hewa, mita za ujazo ni chombo tu. Aliyechora ile mashine alichukua 7,500 akazidisha kwa 1.2, akapata kilo 9,000 kwa saa. Huku mlimani 7,700 ni kilo 7,700. Pungufu ya asilimia 14. Na ukiangalia, ile 6,430 ya waya wa moto ilikuwa inasema jambo hilo hilo: hii ndiyo hewa yako ukiihesabu kwa kipimo cha pwani. Yule bwana niliyemwona mbishi, kifaa chake ndicho kilichokuwa karibu na shida ya mteja kuliko sisi wote. Yeye mwenyewe hakujua.

Feni haina kosa. Feni inameza ujazo ule ule popote ulipo ikizunguka spidi ile ile. Panda nayo mlimani, ujazo unabaki, presha yake na umeme inaovuta vinashuka pamoja na uzito wa hewa. Wala huwezi kufidia kwa kuongeza moto, maana mbegu zikizidi nyuzi 43 hivi unaanza kuua kiini, na mbegu isiyoota ni chakula cha kuku.

Tukaamua kubadili puli. Kufika kilo 9,000 ilitakiwa spidi ipande asilimia 17, lakini umeme unapanda kwa spidi × spidi × spidi. Mota ni ya kW 4, ilikuwa inavuta 2.5, ingefika 4 kamili. Na uwezo unaoandikwa kwenye kibati cha mota ya kawaida ni kwa kimo kisichozidi mita 1,000, kwa sababu hewa nyepesi inaipoza vibaya vile vile. Tukaishia asilimia 10: kW 3.3, karibu kilo 8,470. Gharama ya puli na belti tuligawana. Nimelipwa, nimekatwa kidogo, sijalalamika.

Na mkataba unaofuata nitaandika mwenyewe: mita za ujazo za hewa ipi, kwa presha ipi, kwa nyuzi ngapi.

---

Unga Ltd Kompresa

Aisee uzi huu umenikuta na kesi. Nina kompresa mpya, tanki lita 500. Nilifanya jaribio la kujaza: kutoka sifuri mpaka bar 7 kwenye geji, dakika 4 na sekunde 10. Nikapiga 500 × 7, nikagawa kwa 1.013 na kwa muda, nikapata lita 829 kwa dakika. Kibandiko kinasema 950. Nimempigia muuzaji maneno makali sana jana. Nimekosea?

---

BintiKibosho

Mkuu, ile 1.013 ni hewa ya pwani. Kompresa yako inavuta hewa ya Unga Ltd, huko huko Arusha, bar 0.86 (ndiyo hPa 860 ile ile). Gawa kwa hiyo. Lakini usisherehekee mapema: ulisoma geji tanki likiwa la moto? Hewa ikibanwa inapata joto na joto linapandisha presha bila hewa kuongezeka. Funga vali, acha tanki lipoe mpaka ushike kwa kiganja usisikie tofauti na ukuta, ndipo usome.

---

Unga Ltd Kompresa

Sawa. Kesho asubuhi kabla vijana hawajaanza kupaka rangi.

---

Mzee wa Njiro

Na utoe maji kwenye tanki kwanza, mjukuu wangu. Lita 20 za maji humo ndani na tanki si la 500 tena.

---

Unga Ltd Kompresa

Mrejesho. Maji yalitoka kama ndoo nusu, meusi kama chai ya rangi, na tanki ni jipya! Muda ni ule ule, dakika 4 na sekunde 10. Baada ya kupoa geji imeshuka mpaka 6.7. Kwa hiyo 500 × 6.7, gawa kwa 0.86, gawa kwa dakika 4.17. Imekuja 935.

Kibandiko 950. Nimempigia muuzaji kumwomba radhi, hapokei.